Tarumbeta Katika Matangazo ya Vifo

Likizo iliyopita ya shule tulikuwa nyumbani kwa mama, Mabatini, mimi na binti yangu Kabula. Mtoto alikuwa amejilaza kwenye mkeka akitazama sinema kwenye simu yangu, katuni ndefu ya Kijapani ya safari na hatari, aliyowekewa na kijana mmoja wa duka la kuingiza sinema kwenye simu. Mama alikuwa ameketi kizingitini na ungo wa mchele mapajani, akichambua mawe. Mchele wa Magu una vijiwe vyeupe vinavyofanana na punje zenyewe, na mama, ambaye macho yake yamefifia, siku hizi anavitafuta kwa vidole. Anavipata vyote.

Katikati ya sinema ulianza wimbo wa polepole, fidla nyingi zikienda pamoja, bila sauti ya mtu. Vidole vya mama vikasimama. Aliinua uso, lakini hakumtazama mtoto wala simu. Alitazama juu ya kabati la vyombo, mahali ilipokuwa ikikaa redio yetu, ambayo iliharibika na kutupwa kabla Kabula hajazaliwa.

"Wamemtaja nani?" akauliza.

"Bibi, hii ni katuni," Kabula akasema akicheka. "Hakuna aliyetajwa."

Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sufuria ya maji mkononi, na ilinichukua muda kugundua kwamba nami nilikuwa nimenyamaza nikisubiri jina.

Watu wa rika langu waliokulia Mwanza na vijiji vya kando ya ziwa watanielewa. Redio ya mji wetu ilikuwa na matangazo ya vifo kila siku mchana, na kabla msomaji hajafungua mdomo ulipigwa wimbo ule. Ulianza na fidla moja, ya chini, kama mtu anayejaribu sauti yake baada ya ugonjwa mrefu. Zikaingia nyingine juu yake, na zilipokwisha kujaa, muziki ulipunguzwa na msomaji akaanza: fulani wa Nyakato anasikitika kutangaza kifo cha fulani; habari ziwafikie fulani wa Kisesa, fulani wa Magu, fulani wa Sengerema, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Wimbo uliendelea chini ya majina mpaka mwisho. Simu zilikuwa chache. Mtu akifa mjini, ndugu zake wa kijijini walijua kwa redio, na wasiokuwa na redio walijua kwa mtu aliyekuja mbio kutoka kwa mwenye redio.

Mlimani kwetu Mabatini, wimbo ulipoanza, shughuli zilisimama. Mwanamke aliyekuwa akitwanga aliuacha mchi ndani ya kinu. Waliokuwa wakigombania foleni bombani waliahirisha ugomvi, na matangazo yakiisha bila jina la mtu wao, waliuendeleza pale pale walipouachia. Sisi watoto tulikatazwa kuupiga mluzi. Nilipata kofi moja tu maishani kutoka kwa Bibi Minza, jirani yetu mzee aliyekuwa akikaanga vitumbua chini ya jiwe, na nililipata kwa kuupiga mluzi huo nikiwa kwenye foleni yake.

"Unamwita nani?" aliniuliza huku mkono ukiwa bado hewani. "Nani wa kwenu unayetaka aitike?"

Kwa hiyo nilikua nikijua, kwa namna mtoto anavyojua kwamba moto unaunguza, kwamba anayesomwa ndani ya wimbo ule amekufa. Sikudhani kwamba wimbo unaua. Nilidhani ni kama muhuri. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe: mtoto mchanga wa nyumba ya juu alisomwa, akazikwa, mwalimu wetu wa darasa la pili alisomwa, akazikwa. Hapakuwa na aliyesomwa akarudi.

Kuhakikisha mambo kwa masikio nilifundishwa na baba. Alikuwa fundi wa injini za boti. Alivaa ovaroli ya bluu iliyokuwa imegeuka nyeusi magotini, na alinuka petroli na sabuni ya unga, kwa sababu mama hakumruhusu kuingia ndani kabla ya kunawa mpaka kwenye viwiko. Wenye boti walikuwa wakimletea injini mpaka nyumbani. Alizifunga kwenye pipa la maji lililokuwa uani, akaziwasha, kisha akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye bati la injini na mpini kwenye sikio lake. Alifumba macho. Halafu alinipa mimi.

"Unasikia nini?"

Mwanzoni nilisikia kelele. Baadaye nikaanza kusikia kwamba kelele ina vyumba: huku kuna kugonga, huku kuna kukwaruza, huku kuna pumzi. Baba aliniambia nisitazame injini ninapoisikiliza, kwa sababu macho huchanganya. Sentensi aliyoirudia mara nyingi kuliko zote, na ambayo nimeishi nayo vizuri na vibaya, ilikuwa hii: "Sauti ikibadilika, kuna kitu kimebadilika. Kitafute."

Redio ilikuwa kazi yake pia. Nyumba yetu, kama nyingi za mlima ule, imejengwa ikiegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe. Baba alivuta waya wa shaba alioutoa kwenye injini iliyoungua, akaupitisha dirishani na kuufunga juu ya jiwe, na redio yetu ikawa inashika vizuri kuliko zote za jirani. Betri zikichoka tulizianika juu ya jiwe hilo hilo, ambalo jua lilikuwa likilichoma tangu asubuhi, na zikipoa zilitupa siku nyingine mbili tatu. Majirani walikuja kusikiliza matangazo kwetu, wamesimama dirishani na mikono yao ina unga.

Baba alikwenda visiwani kutengeneza injini, kama alivyokwenda mara nyingi. Alipaswa kurudi na boti iliyobeba magunia ya dagaa na abiria waliokaa juu ya magunia. Upepo ulivuma, ziwa likachafuka, na boti ile haikufika.

Nakumbuka mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, umejaa watu waliokuwa hawanunui kitu. Harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka kwenye mchanga ilikuwa ile ile ya siku zote, na hilo lilinishangaza. Mama alikwenda kila asubuhi akasimama pamoja na wanawake wengine, kanga mbili mabegani, na boti iliyotoka kutafuta ilipokaribia wote walisogea mpaka maji yakawafika kwenye magoti. Waliletwa baadhi. Mama aliinama juu ya kila mmoja aliyekuwa mwanamume na akainuka. Mimi niliachwa kwa shangazi, dada wa baba, aliyekuwa amefika kutoka Ukerewe akiwa amefunga kitambaa kiunoni tayari kwa msiba. Mama alikuwa bado anakataa neno msiba. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja shangazi alikuwa analia na mama alikuwa anapika chakula cha watu wanne, baba akiwa wa nne.

Halafu wakaacha kutafuta, na majina yakapelekwa redioni.

Siku hiyo dirisha letu lilijaa vichwa mpaka ndani kukawa giza. Mama alikaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha. Mimi nilikaa chini ya kabati, karibu kabisa na redio, sikio langu limegusa mbao. Ukaanza wimbo. Msomaji akasema kwamba yafuatayo ni majina ya waliokuwa kwenye boti, akaanza na wale waliokwisha kuopolewa. Kila jina lilikuwa na mji wake, ukoo wake, na watu ambao habari ziwafikie. Orodha ilikuwa ndefu. Sijawahi kusikia matangazo marefu vile, na wimbo, ambao siku za kawaida ulitosha na kubaki, ulifika mwisho wake. Niliusikia ukiisha: fidla ile moja ya chini ilibaki peke yake, kisha ikanyamaza. Msomaji hakunyamaza. Kwa muda alisoma katika ukimya, na nikasikia mkwaruzo mdogo wa kaseti inayozunguka.

Kisha zikaingia tarumbeta.

Sijui niwaelezeje wale ambao hawakuwepo. Zilikuwa tarumbeta tatu au nne, kwa mbali, zikipanda ngazi, na chini yake ngoma, na fidla zile zile zilizokuwa zikilia sasa zinakimbia. Ulikuwa muziki wa asubuhi, wa mtu anayefungua mlango. Msomaji, ambaye bila shaka hakuwa akiusikia mahali alipokuwa, aliendelea kwa sauti ile ile ya huzuni na kusema kwamba wafuatao ni wale ambao miili yao haijapatikana. Jina la baba lilikuwa la kwanza.

Shangazi alipiga ukelele. Dirishani wanawake walipokea. Mama hakupiga ukelele. Alijilaza tu, taratibu, mpaka shavu lake likafika kwenye sakafu. Na mimi, chini ya kabati, nilitabasamu.

Nilikuwa nimesikia. Wote waliokufa walisomwa ndani ya wimbo wa kifo. Baba hakusomwa ndani yake. Wimbo uliisha, ukafungwa kabisa, kukawa na ukimya, ndipo yeye akasomwa, ndani ya wimbo mwingine ambao haukuwa na kifo hata kidogo. Sauti ilikuwa imebadilika, kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kimebadilika. Watu wazima walikuwa wametazama ziwa na miili, na macho huchanganya.

Sikumwambia mtu. Leo najaribu kuelewa kwa nini, na jibu langu bora ni kwamba niliona ni siri ya redio, aliyoachiwa mtu wa kusikiliza. Nilidhani pia kwamba mama akiambiwa atauliza watu, na watu watalichafua jambo lenyewe kwa maneno mengi. Nilikuwa na miaka tisa. Niliamua kumsubiri baba peke yangu.

Mambo yaliyofuata yalizidi kunithibitishia. Tulivuka kwenda Ukerewe kwa meli, na mama alinifunika kichwa kwa kanga njia nzima nisione maji, lakini nilikuwa nimepata tundu na nilitazama kila kitu kilichoelea. Kijijini kwa baba lilikuwa limechimbwa kaburi. Ukoo wake una desturi kwamba mtu wa ziwani asipopatikana huzikwa shina la mgomba badala yake, ili asihangaike na ili walio hai wasihangaike. Waliukata mgomba wa urefu wake, wakaufunga sanda, wakaubeba wanaume wanne wakiwa wameinama kama vile una uzito wa mtu. Maji ya mgomba yalikuwa yametoka na kuacha doa la kahawia kwenye sanda. Niliona doa hilo na nikasema moyoni: wao wenyewe wanajua kwamba hayumo.

Walinipa udongo nitupe. Niliutupa. Walininyoa nywele pamoja na watoto wote wa ukoo, na nilikaa kimya chini ya wembe. Walionizunguka walilia kwa zamu, na kila mmoja alinitazama usoni baada ya zamu yake.

"Huyu mtoto vipi?" mke wa baba mdogo aliuliza, si kwa kunong'ona. "Hata chozi la kusingizia?"

"Amerithi kwa mama yake," shangazi akajibu. "Kule kwao mioyo wanaianika juu ya mawe, kama betri."

Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani, kwa haraka. Mama alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale. Alinitazama. Alikuwa na uso uliovimba na kichwa kilichonyolewa, na katika kutazama kule palikuwa na ombi ambalo nililiona wazi na sikulijibu. Nilifikiri: ungejua nijuacho, usingelia.

Tulirudi Mabatini. Nilianza kazi ya kusubiri, na niliifanya kwa utaratibu. Nilianika betri hata zisipokuwa zimechoka. Nilipanda juu ya jiwe kuangalia kama waya wa shaba haujalegea, kwa sababu niliamini kwamba habari ya kurudi kwake ingepitia pale ilipopitia ile nyingine. Injini ikinguruma ziwani upande wa Kirumba, nilifumba macho na kusikiliza kama naitambua. Mchana, matangazo yalipoanza, nilikaa chini ya kabati na kusikiliza zaidi ya majina: nilisikiliza kama tarumbeta zitarudi. Hazikurudi. Matangazo yalikuwa mafupi, na wimbo wa polepole ulitosha kila siku.

Mama alianza kuuza mkaa. Ovaroli ya baba aliifua, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku. Niliitoa nikaitundika msumarini. Aliirudisha sandukuni. Nadhani alifikiri naichezea.

Mwaka haujaisha Bibi Minza alianguka kwenye moto wake wa vitumbua, akakaa siku kadhaa kitandani, akafa. Mwili ulilazwa nyumbani, na watoto wa jirani tulipitishwa kuaga. Nilimwona kwa macho yangu, pamba puani, mkono ulionipiga kofi umelala juu ya tumbo, mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Nilimgusa. Alikuwa wa baridi kama jiwe la upande usiopata jua.

Mchana ule watu walijaa dirishani kwetu kusikiliza tangazo lake, kwa sababu alikuwa na watoto wengi waliotawanyika, Geita, Magu, Shinyanga, na wanawe waliopo walitaka kuhakikisha kwamba wote wametajwa. Kulikuwa na matangazo mengine mengi siku hiyo. Nilikaa mahali pangu. Nikausikia wimbo ukipungua, fidla ya chini ikibaki peke yake, ukimya, mkwaruzo wa kaseti. Nikashika mguu wa kabati kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeusubiri ukimya ule kwa muda mrefu, na sasa zikaja tarumbeta, zile zile, zikipanda ngazi zile zile.

Na msomaji akasema: Minza, wa Mabatini.

Nilimsikia mtoto wake wa kwanza dirishani akisema, "Haya, wamemsoma." Nilisikia habari ziwafikie wa Geita, wa Magu, wa Shinyanga. Tarumbeta ziliendelea juu ya majina yao yote, na nilikuwa na baridi ya mkono wa Bibi Minza bado kwenye vidole.

Hapakuwa na njia ya kulikwepa. Nilijaribu; nakumbuka nikijaribu, haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mlango ukiwa unafungwa. Lakini kanuni yangu ilikuwa moja, na ilikuwa imevunjika. Baba alikuwa amekufa. Alikuwa amekufa tangu siku ile, na wakati wote nilipokuwa nikianika betri, na wakati wote ovaroli ilipokuwa msumarini.

Nililia kwa namna ambayo ilibidi wanitoe chini ya kabati kwa kunivuta miguu. Nililia uani, nikalia mbele ya jeneza la Bibi Minza, nikalia njia nzima ya makaburini mpaka sauti ikaisha na ikabaki pumzi. Watu walisogea kando kunitazama. Bibi Minza hakuwa ndugu yetu. Alikuwa muuza vitumbua aliyenipiga kofi.

"Angalieni maajabu," mwanamke mmoja alisema nyuma yangu. "Baba mzazi hakumtolea chozi. Vitumbua ndivyo anavyovililia."

Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, akanitoa katikati ya watu, akaniteremsha mlimani bila kugeuka. Nyumbani alifunga mlango. Nilidhani atanipiga. Alisimama na mgongo wake kwenye mlango na kusema, kwa sauti ya chini, "Baba yako hukumlilia."

Nilifungua mdomo kumweleza, na nikaona kwamba sasa hakuna la kueleza. Jambo ambalo ningemwambia halikuwepo tena. Nikanyamaza. Na huo ukimya ndio tuliokaa nao.

Sitaki kusema kwamba tuliishi vibaya. Alinilea, akanisomesha mpaka la saba, uwezo ulipoishia. Vilivyobaki nilijitafutia mwenyewe katika maktaba ya mkoa, kitabu baada ya kitabu. Lakini katika ukoo nilipewa nafasi, na nafasi hiyo haijaondoka. Mimi ndiye ninayetumwa mochwari kutambua. Mimi ndiye ninayeitwa kuosha na kuvisha, kwa sababu mimi, wanasema, ni wa jiwe. Mama mwenyewe amewahi kuwaambia wageni, kwa utani ambao haukuwa utani kamili: "Nikifa msimsumbue huyu kulia. Mpeni kazi."

Nilipokuwa mtu mzima nilimtafuta fundi mitambo wa zamani wa redio ile, mzee mstaafu aliyehamia Kisesa. Nilimwamkia, akaitikia, na nilipomuuliza kuhusu muziki wa matangazo ya vifo alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za ng'ombe wake. Alinieleza kwamba walihangaika sana kuupata. Waliweka kwaya, Waislamu wakalalamika. Wakaweka kaswida, Wasabato wakalalamika. Na Wahindu wa mjini nao walikuwa wanaleta matangazo yao, na hawakutaka kuchomwa moto huku mtu anaimba habari za kaburi.

"Tukasema tunatafuta muziki usio na mdomo," alisema. "Usio na mdomo hauna dini."

Mjapani mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari alipoondoka aliacha boksi la kaseti. Moja ilikuwa na picha ya meli na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, wakauchukua. Nilimuuliza habari za wimbo wa pili. Alikunja uso akikumbuka, akasema huo haukutumika. Labda siku moja mbili majina yalipozidi kaseti ilijiendea yenyewe. Hakuona kwamba ni jambo kubwa, na kwake halikuwa kubwa. Nilimshukuru, nikapanda basi nikarudi mjini.

Kwa hiyo siku ile ya likizo niliiweka sufuria chini, nikaketi kwenye mkeka nyuma ya Kabula, na nikaona kwa mara ya kwanza wimbo wa kifo ulitengenezewa nini. Msichana anaosha vyombo. Nje mvua inanyesha. Kaka yake mdogo amelala. Ni hayo tu, hakuna anayekufa. Kisha fidla ikabaki peke yake, kukawa na ukimya, na zikaja tarumbeta: mlango wa bandari unafunguliwa, meli inatoka, na mwanamume mmoja amesimama nyuma ya meli akipunga kofia, anakuwa mdogo, anakuwa mdogo zaidi.

"Huyo ni baba yao," Kabula akanieleza. "Usijali, mama. Mwishoni anarudi."

Nilimtazama mama. Wimbo wa polepole ulikuwa umemsimamisha, lakini tarumbeta zilipoingia vidole vyake vilirudi kwenye mchele vyenyewe. Vilipata kijiwe, vikakitupa uani.

"Mama," nikasema, "huu unaukumbuka?"

"Upi?"

"Huu wa tarumbeta. Ndio uliokuwa unapigwa siku walipomsoma baba."

Alisikiliza kidogo, kichwa ameinamisha. "Siku ile mimi sikusikia muziki," akasema. "Nilisikia jina."

Nikamweleza. Nilieleza yote kwa mpangilio, bisibisi, kanuni, tabasamu langu chini ya kabati, doa kwenye sanda, betri, ovaroli, mkono wa Bibi Minza. Haikuchukua muda mrefu. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa fupi. Kabula alikuwa ameisimamisha sinema na kugeuka kututazama.

"Kwa hiyo hukukataa kumlilia," mama akasema.

"Nilikuwa namsubiri."

"Mpaka Bibi Minza."

"Mpaka Bibi Minza."

Bombani watu walikuwa wanagombana. Mkono wake ulipita juu ya mchele, ukausawazisha, ukausawazisha tena.

"Ungeniambia," akasema mwishoni. "Ningemsubiri na wewe. Uliniacha namzika peke yangu."

Halafu alimwomba Kabula aurudishe wimbo ule. Mtoto aliutafuta, akampa simu, na mama akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa kutoka mbali, akafumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimrudishia mtoto simu.

"Hapana," akasema. "Siukumbuki."

Kisha akanisogezea ungo, bila kunitazama.

"Chambua wewe. Leo mawe siyaoni kabisa."